Uchaguzi wa Rais wa Marekani wa 1960 Machoni pa Mgeni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hutumiwa sana juu ya karamu, maana mgeni akifika hupikwa chakula ambacho wenyeji wenyewe hawakukitazamia siku hiyo. Walakini ina maana nyingine ya ndani. Mgeni huja na jicho ambalo mwenyeji amelipoteza kwa mazoea. Huuona ufa ukutani ambao mwenye nyumba huupita asubuhi na jioni bila ya kuutambua. Wahenga hao hao walionya pia ya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baina ya methali hizi mbili ndipo asimamapo kila mtu atazamaye uchaguzi wa taifa lisilo lake. Jicho lake ni jipya, lakini halali kitandani humo.

Uchaguzi wa Rais wa Marekani umepata watazamaji wa namna hii kwa muda mrefu. Alexis de Tocqueville, Mfaransa, aliingia nchi hiyo mwaka 1831 kwa kazi ya kuchunguza magereza, akaondoka mapema mwaka 1832, miezi kadha kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Hata hivyo aliandika juu ya homa inayolipata taifa zima wakati Rais anapochaguliwa, na jinsi homa hiyo inavyoshuka mara matokeo yanapojulikana. James Bryce wa Uingereza alichapisha kitabu chake juu ya dola ya Marekani mwaka 1888, na sura moja ilijaribu kueleza kwa nini watu wakuu hawachaguliwi kuwa Marais. Mabwana hawa wawili walikuwa wageni, lakini walikuwa wageni wenye nyumba zao. Nchi zao zilijitawala, na walikuwa huru kulinganisha desturi na desturi bila ya kuona uchungu.

Mtazamaji wa Afrika ya Mashariki katika mwaka 1960 alikuwa katika hali nyingine. Aliusoma uchaguzi wa Marekani katika magazeti na kuusikia katika redio wakati kura yake mwenyewe ilikuwa ingali ikipimwa kwa kibaba. Katika Kenya, Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na sheria ya uchaguzi huo ilimpa mtu kura moja, mbili au tatu kwa kadiri ya kisomo chake, mali yake, umri wake na utumishi wake. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wathibitishe utii wao kwa serikali ndipo waandikishwe. Katika Tanganyika, uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimlazimisha mpiga kura kuchagua watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au kura yake iharibike. Mambo yalikuwa yakibadilika upesi: mwezi wa Agosti 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 katika 71, na Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi mwezi uliofuata. Lakini mtu aliyekwisha kuulizwa cheti chake cha shule kabla ya kupewa karatasi ya kura hakuhitaji kufundishwa kuwa uchaguzi una mlango, na kwamba mlango una bawabu.

Kwa sababu hii yafaa uchaguzi wa Marekani wa 1960 utazamwe kwa jicho la mtu huyo. Wenyeji wengi waliukumbuka kwa sura za wagombea na kwa mashindano ya maneno katika televisheni. Jicho la mgeni linapaswa kutazama mahali pawili pasipo na mapambo: mlango wa kuingilia, kuona nani aliruhusiwa kupita, na mlango wa kutokea, kuona aliyeshindwa alitokaje. Yaliyomo baina ya milango hii miwili ni shangwe, na shangwe haikosekani hata katika nchi zisizo na uchaguzi.

Wagombea wakubwa walikuwa wawili. John F. Kennedy wa chama cha Democratic, seneta wa Massachusetts, alikuwa na umri wa miaka 43, naye alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo haikuwa imepata kuwa na Rais Mkatoliki. Richard Nixon wa chama cha Republican alikuwa na miaka 47, na tangu 1953 alikuwa Makamu wa Rais. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuigusa Afrika kwa namna yake. Nixon alihudhuria sherehe za uhuru wa Ghana mwezi wa Machi 1957, na huko ndiko alikokutana na mchungaji kijana wa Kimarekani aitwaye Martin Luther King. Kennedy alisimama katika Seneti mwezi wa Julai mwaka huo huo akaitaka serikali yake iunge mkono uhuru wa Algeria, hotuba iliyowaudhi Wafaransa na baadhi ya wakubwa wa chama chake mwenyewe. Na tangu 1959 aliongoza kamati ndogo ya Seneti iliyohusika na mambo ya Afrika.

Tarehe 26 Julai 1960, wiki mbili baada ya Kennedy kuteuliwa na chama chake, mgeni mmoja kutoka Kenya alifika Hyannis Port, pwani ya Massachusetts, nyumbani kwa ukoo wa Kennedy. Mgeni huyo alikuwa Tom Mboya, mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria na kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 30. Haja yake haikuwa siasa ya Marekani. Alitaka nauli. Vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walikuwa wamepata nafasi na misaada ya masomo katika vyuo vya Marekani, lakini bahari ilikuwa katikati, na wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kuwavusha. Mwaka uliotangulia vijana 81 walisafirishwa kwa ndege moja kutoka Nairobi hadi New York, kwa fedha zilizochangwa na Wamarekani wa kawaida baada ya mwito wa watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 vijana waliokuwa wakingoja walizidi 200, wakiwamo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekwisha kuombwa msaada, nayo ilikataa. Kennedy alikubali kuwa mfuko wa hisani wa ukoo wake utoe dola 100,000. Habari zilipowafikia watu wa Nixon, wizara ile ile iliyokataa iligeuka, ikaahidi dola 100,000 kwa safari ile ile. Wasimamizi wa safari walichagua kushika ahadi ya kwanza. Ndipo tarehe 17 Agosti Seneta Hugh Scott, wa chama cha Republican, alipoinuka katika Seneti akamshutumu Kennedy kuwa ametumia utajiri wa familia kuishinda serikali kwa dau, naye Kennedy akajibu shutuma hiyo kwa ukali. Kwa siku kadha nauli za vijana wa Kiafrika zikawa hoja katika kinyang'anyiro cha urais wa taifa lenye nguvu kuliko yote duniani.

Hapa mtazamaji hana budi kusimama na kuuliza: wizara ilibadili nia kwa sababu gani? Haja ya vijana ilikuwa ile ile ya mwanzo, na hazina ya serikali haikuongezeka. Mlango uliofungwa mbele ya mwombaji ulifunguka mbele ya mshindani. Wala vijana wale hawakuwa na kura katika Marekani. Wazazi wao walikuwa na sehemu ya kura tu katika nchi zao. Lakini katika Chicago, Detroit na Philadelphia waliishi Wamarekani weusi waliokuwa na kura, nao walikuwa wakiitazama Afrika katika mwaka ule ambao nchi 17 za bara hilo zilipata uhuru. Wagombea walimtendea mwema Mwafrika wa mbali ili waonwe na Mmarekani mweusi wa karibu. Wema huu ulikuwa na hesabu ndani yake, lakini ndege ziliruka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mboya, aliyekwenda kuomba, alijikuta amelima katika shamba la uchaguzi bila ya kukusudia.

Yapasa kusema neno juu ya tarehe, maana hadithi hii imepata nyongeza nyingi. Fedha za Kennedy zilihusu safari za 1960, si ile ya 1959. Mjaluo kijana aitwaye Barack Obama alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959, kabla ya mkutano wa Hyannis Port. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa katika kampeni za mwanawe, ya kuwa ukoo wa Kennedy ndio uliomvusha baba huyo, hayapatani na kalenda. Wangari Muta, aliyejulikana baadaye na ulimwengu kwa jina la Wangari Maathai, ndiye aliyesafiri mwezi wa Septemba 1960 kwenda chuo cha Atchison katika Kansas. Ukweli una uzuri wa kutosha bila ya kuongezwa chumvi.

Sasa na utazamwe mlango wa kuingilia. Mgeni aliyekwenda Washington mwaka huo angaliweza kutembea kandokando ya Ikulu, akamwuliza mkaazi yeyote wa mji atampigia nani kura, na jibu la kweli lingalikuwa moja: hakuna. Wakaazi wa mji mkuu hawakuwa na haki ya kumchagua Rais. Walipewa haki hiyo kwa badiliko la katiba la mwezi wa Machi 1961. Katika majimbo matano ya Kusini mtu alipaswa kulipa kodi ya kichwa kabla ya kupiga kura. Mahali pengi huko mwandikishaji alimpa mtu mweusi kifungu cha sheria akisome na kukieleza, na mwandikishaji huyo huyo ndiye aliyekuwa msahihishaji. Katika Mississippi, Wamarekani weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila watu wazima 100 wa rangi yao. Katika wilaya ya Fayette, jimbo la Tennessee, wakulima weusi waliothubutu kujiandikisha walifukuzwa katika mashamba ya matajiri waliyokuwa wakiyalima, na majira ya baridi ya 1960 yaliwakuta katika mahema.

Msomaji wa Kenya au wa Tanganyika hakuweza kuyasoma haya kama habari za nchi ya ajabu. Kipimo cha kisomo, kipimo cha mali, kipimo cha utii: vyote alivijua kwa majina mengine. Alikuwa ameambiwa kuwa hayuko tayari kupiga kura kwa sababu nchi yake ni changa. Naam, mkulima wa Tennessee aliishi katika nchi iliyokuwa na uchaguzi wa Rais tangu 1789, naye aliambiwa neno lile lile. Kwa hiyo uchanga wa nchi haukuwa sababu. Bawabu hutafuta sababu baada ya kukwisha kuamua nani asipite.

Tarehe 19 Oktoba, zikiwa zimebaki wiki tatu, Martin Luther King alikamatwa Atlanta pamoja na wanafunzi walioketi kudai huduma katika mkahawa wa duka kubwa lililowabagua weusi. Wenzake walifunguliwa, lakini hakimu wa wilaya ya jirani alimhukumu King miezi minne ya kazi ngumu kwa kisa cha zamani cha leseni ya gari, na usiku akapelekwa gereza la Reidsville, mbali na mji. Nixon, aliyefahamiana naye tangu Ghana, hakusema neno mbele ya watu. Kennedy alimpigia simu mke wa King, Coretta, aliyekuwa mja mzito, akamfariji. Na ndugu yake Robert Kennedy akampigia simu hakimu. Tarehe 27 Oktoba King aliachiliwa kwa dhamana. Baba yake King, mchungaji mwenye sauti kubwa katika Atlanta, alikuwa amekusudia kumpa Nixon kura kwa kuwa Kennedy ni Mkatoliki. Sasa aligeuka mbele ya watu. Jumapili ya kabla ya uchaguzi vijitabu vilivyoeleza habari ya simu ile viligawanywa katika makanisa ya watu weusi. Kwa makadirio ya wapimaji wa maoni, kama saba katika kila wapiga kura weusi kumi walimchagua Kennedy.

Tarehe 8 Novemba watu zaidi ya milioni 68 walipiga kura, na kwa hesabu inayotajwa sana tofauti baina ya wagombea ilikuwa karibu 113,000, yaani haikufika kura mbili katika kila elfu. Lakini Rais wa Marekani hachaguliwi na jumla ya kura za watu. Kila jimbo hupewa wajumbe wa uchaguzi kwa idadi ya wabunge na maseneta wake, na kwa kawaida mshindi wa jimbo huchukua wajumbe wote. Kennedy alipata wajumbe 303, Nixon 219, na wajumbe 15 wa Kusini na wa Oklahoma walimpa kura Seneta Harry Byrd ambaye hakugombea. Katika Illinois, jimbo lenye wajumbe 27, Kennedy alitangulia kwa kura zisizozidi 9,000 katika milioni nne na zaidi. Wafuasi wa Nixon walidai kuwa palikuwa na udanganyifu huko na katika Texas, nao wakataka kura zihesabiwe upya katika majimbo kadha.

Jambo la ajabu zaidi lilitokea Hawaii, jimbo lililokuwa na mwaka mmoja tu katika muungano. Hesabu ya kwanza ilimpa Nixon ushindi wa kura 141. Hesabu ya pili ikampa Kennedy ushindi wa kura 115. Hesabu ikiwa bado haijakwisha, wajumbe wa pande zote mbili walikutana mwezi wa Desemba, kila kundi likapiga kura zake na kuzipeleka Washington. Tarehe 6 Januari 1961 Kongresi ilikutana kuhesabu kura za wajumbe, na katiba yao yasema ya kuwa mwenye kuzifungua ni Makamu wa Rais. Makamu wa Rais alikuwa Nixon. Zilipofika hati za Hawaii, yeye mwenyewe alishauri zihesabiwe za Kennedy, akitahadharisha kuwa uamuzi huo usichukuliwe kuwa kanuni ya baadaye. Hakuna aliyepinga. Kisha akasoma jumla na kumtangaza mpinzani wake kuwa Rais mteule.

Yaliyokuwa yakitokea Unguja katika mwezi huo huo yanatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Uchaguzi wa Januari 1961 uliamuliwa kwa uzi mwembamba kuliko ule wa Hawaii: kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Pande mbili zikabaki na viti 11 kwa 11, serikali imara haikuweza kuundwa, na uchaguzi uliporudiwa mwezi wa Juni ghasia zikaua watu 68. Si haki kusema kuwa Wamarekani walikuwa na tabia njema kuliko Waunguja. Waunguja walipiga kura chini ya Mwingereza, katika kisiwa ambacho kila kura iliulizwa inataka nchi iwe ya nani. Uchaguzi unaomwuliza mtu nani atawale miaka minne hustahimiliwa na aliyeshindwa. Uchaguzi unaomwuliza kama ana kwao humfunga mlango wa kutokea. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini yafaa kwanza kuulizwa kushindwa kwake kunamgharimu nini.

Wala isifikiriwe kuwa mlango wa kutokea hulindwa na wema wa mtu mmoja. Nixon huyo aliyetoka kwa heshima mwaka 1961 aliurudia urais na kuushika mwaka 1969. Watu wa kampeni yake wakakamatwa mwezi wa Juni 1972 wamevunja ofisi za chama cha upinzani, na kwa sababu ya kulificha jambo hilo alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974. Mtu alikuwa yule yule. Mara ya kwanza desturi ilimshika mkono, na mara ya pili yeye aliisukuma. Tarehe 6 Januari 2021, miaka 60 kamili tangu siku ile ya Hawaii, umati ulilivamia jengo la Kongresi ili kuzuia hesabu kama ile. Usiku huo huo hesabu ilikamilishwa. Tarehe 6 Januari 2025 Makamu wa Rais Kamala Harris alisoma matokeo ya kushindwa kwake mwenyewe, kama Nixon alivyosoma ya kwake. Nguzo ilitikisika, haikuanguka. Lakini aliyeiona ikitikisika hatailalia tena chini yake kwa usingizi ule wa zamani.

Mlango wa kuingilia nao haukupanuka wenyewe. Kodi ya kichwa katika uchaguzi wa Rais iliondolewa kwa badiliko la katiba mwaka 1964, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965, baada ya watu wengi kupigwa, kufungwa na kuuawa. Mwaka 2008 Wamarekani walimchagua mwana wa mwanafunzi wa Kijaluo, aliyezaliwa katika jimbo lile lile la kura 115. Na Kenya, ambayo haikuwa na kura hata moja katika uchaguzi huo, ilipewa siku ya mapumziko kusherehekea.

Katika watu wanne waliokuwa mbele katika habari hizi za 1960, watatu waliuawa kwa risasi: Kennedy mwaka 1963, King mwaka 1968 na Mboya mwaka 1969, barabarani Nairobi, akiwa na miaka 38. Wa nne aliondoka madarakani kwa aibu. Lakini wanafunzi walirudi na elimu zao, wakulima wa Tennessee waliandikishwa, na desturi ya kuhesabu mbele ya aliyeshindwa ingalipo. Mgeni atazamaye uchaguzi wa watu na aiache shangwe kwa wenye ngoma. Asimame mlangoni ahesabu waliozuiwa, kisha azunguke nyuma ya nyumba amwone aliyeshindwa akitoka. Akikwisha kuyaona hayo mawili, na arudi kwao akaitazame milango ya nyumba yake.